Mjadala: Pombe ikatazwe kwa kila anayepanda chombo Ziwa Nyasa?

Mkazi wa Uyole

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Jumatatu ya Pasaka tulishuka Matema na familia, watu kumi na mmoja, tukakodi boti ya mbao yenye injini ili tufike Ikombe kuwaona akina mama wa Kikisi wanavyofinyanga vyungu. Kreti moja ya bia ilipanda pamoja nasi, na kijana aliyeshika usukani alikuwa na kichupa cha plastiki katika mfuko wa shati, akikionja kila baada ya muda kama mtu anayemeza dawa. Tulipofika katikati ya safari, vijana wetu wawili walisimama ili wapigwe picha, boti ikalala ubavu, maji yakatufika vifundoni, na simu moja pamoja na begi la nguo za mtoto vikapotelea katika ziwa ambalo kina chake kinapita mita 700. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu.

Swali langu ni hili: je, si wakati sasa wa kukataza pombe kabisa kwa kila anayepanda chombo, awe nahodha, mvuvi au abiria? Barabarani tumekwisha kulikubali jambo hilo. Ninasema hivi kwa kuwa inajulikana kwamba wavuvi wetu hawaingii majini kabla ya kupasha koo, na abiria hujifunza kwa mwenye chombo.

Mwana wa Itungi

Inajulikana na nani? Nimevua usipa kwa miaka kumi na tisa, na ningependa mheshimiwa wa Uyole anieleze ni usiku gani alikuwa mtumbwini mwangu akayaona hayo. Sisi huingia ziwani saa kumi na mbili jioni katika siku za giza, kwa sababu mwezi ukiwaka samaki hawaijali taa. Tunawasha taa, tunakaa kimya hadi maji yaanze kuchemka kwa usipa, kisha tunavuta nyavu mara tatu au nne kabla ya mapambazuko. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini huvuma hadi wimbi linamficha mwenzako aliye hatua thelathini kutoka kwako. Kazi hiyo haifanywi na mlevi, na mlevi aliyejaribu kuifanya hayupo hapa kushiriki mjadala.

Tunakunywa tukishauza, ndiyo, kama fundi ujenzi anavyokunywa akishalipwa. Na mtu akimeza funda moja alfajiri kwa sababu ya baridi, huo si ulevi. Lakini katika simulizi yako yote, waliosimama kupiga picha ni nani? Ni wavuvi, au ni wapwa zako waliotoka mjini na kreti lao?

Kamwene wa Mafinga

Kamwene, wapendwa. Mimi ni mtu wa milimani, na maji yangu ni ya Bwawa la Mtera, ambako nilinunua samaki kwa miaka kadhaa. Nataka kuweka sawa jambo moja tu kabla mjadala haujaenda mbali: tusiviweke vinywaji vyote katika kapu moja. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, uliogemwa leo ni mtamu kama juisi, na nimewaona watu wazima wakipiga kasia kutwa nzima na dumu lao la lita tano miguuni bila kuyumba hata kidogo. Hatari ilikuwa viroba, yaani pombe kali ya vifuko vidogo vya plastiki, ambavyo Serikali ilivikataza, kama sikosei mwaka 2016. Kiroba kilikaa mfukoni bila kuonekana. Sheria ikija, ikamate vinywaji vikali, iache vinywaji vya asili, pamoja na hicho kimpumu chenu cha Kyela ambacho sijaona tofauti yake na uji uliochacha.

Bibi wa Ngonga

Uji uliochacha! Mwanangu wa Mafinga, nani alikukaribisha kimpumu ukaondoka na maneno hayo?

Nimekipika kimpumu tangu nikiwa msichana. Ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa, unaachwa uive kwa siku zake, na siku ya kunywa unatiwa chunguni ukamiminiwa maji ya moto, watu wakauzunguka na mirija yao. Ni kinywaji cha kukaa chini, cha msibani, cha harusini, cha watu waliolima shamba la mwenzao kutwa. Maji ya moto yanaongezwa, mazungumzo yanaendelea. Niambie sasa, katika mtumbwi wa gogo ambao mtu akipiga chafya unatikisika, hicho chungu utakiweka wapi, na jiko la kuchemshia maji utalishika wewe? Kimpumu hakipandi mtumbwi. Ulanzi wako ndio unaopanda, umetuambia mwenyewe kwamba uko miguuni mwa mpiga kasia ndani ya dumu. Tena ulanzi uliolala siku mbili si juisi, hata watoto wa Iringa wanalijua hilo.

Kamwene wa Mafinga

Shikamoo, Bibi. Neno la uji ninaliondoa. Neno la dumu linabaki, kwa maana nilisema ulanzi wa leo, na wewe umejibu kuhusu ulanzi wa juzi.

Muuguzi wa Zamu

Naomba niingie, kwa sababu mnabishana kuhusu majina ya vinywaji, na mwili haujui majina. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi, na ini la mtu wa kawaida huchukua saa mbili hadi tatu kuzimaliza. Ini halina haraka, na kahawa, maji baridi wala kulala kidogo haviliongezi mwendo. Ulanzi, kimpumu na kichupa cha mfukoni vyote vinasubiri foleni hiyohiyo.

Sasa nimjibu kaka yangu wa Itungi kuhusu lile funda la alfajiri. Pombe haikupi joto, inalitoa joto lako nje. Mishipa midogo ya ngozi inapanuka, damu yenye joto inakimbilia juu, unajisikia vizuri usoni na mikononi, huku ndani mwili unapoa haraka zaidi. Maji ya ziwa letu si barafu, lakini ni baridi kuliko damu ya mtu, kwa hiyo aliyekunywa akianguka humo anachoka mapema kuliko mwenzake. Zaidi ya hapo, pombe huvuruga kile kiungo cha ndani ya sikio kinachokuambia juu ni wapi na chini ni wapi. Mtu anaweza kuzama chini ya maji gizani akapiga mbizi kuelekea chini akidhani anarudi juu.

Na kuna jambo ambalo wanaume hamlisemi. Pombe hujaza kibofu. Mwanamume aliyekunywa husimama pembeni mwa mtumbwi, mkono mmoja uko kwenye zipu, mwingine haujashika kitu, na wimbi halimsubiri amalize. Nimepokea maiti mbili za namna hiyo katika miaka yangu ya kazi, na zote zilikuwa na zipu wazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Tumieni kopo, mkiwa mmekaa. Mtumbwi wowote una kopo la kutolea maji.

Mwana wa Itungi

Dada Muuguzi, ninakuheshimu, lakini suala la zipu umelileta ili tuchekwe. Kopo la kutolea maji mtumbwini ndilo tunalonywea chai. Ungejua hilo usingetushauri hivyo.

Muuguzi wa Zamu

Basi nunueni kopo la pili.

Msomi wa Sheria

Kwanza ninasahihisha: viroba vilikatazwa kuanzia tarehe 1 Machi 2017, si 2016, na tangu hapo kinywaji kilekile kikahamia katika vichupa vya plastiki, kama alichokiona mtoa hoja mfukoni mwa kijana wa boti. Waliokataza waliangalia kifungashio, na mnywaji akabadilisha kifungashio.

Pili, turudi kwenye swali. Barabarani hatukukataza pombe kabisa kwa kila mtu, tuliweka kikomo kwa dereva, yaani miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Abiria wa basi anaweza kulala amelewa hadi Makambako na hakuna kosa alilotenda. Kwa mabaharia wa meli za kimataifa kikomo ni kikali zaidi, miligramu 50, kwa marekebisho ya mkataba wao yaliyopitishwa Manila mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2012. Marekani, anayeendesha hata boti ya starehe hubanwa na kikomo cha 80 kama dereva wa gari, na walinzi wao wa pwani huitaja pombe kuwa sababu inayojulikana inayoongoza katika ajali za boti zenye vifo. Kwa hiyo ninapendekeza kikomo kwa mwenye usukani, na abiria aachwe.

Hata hivyo, ninakiri kwamba mfano wa basi una kasoro. Abiria mlevi akisimama ndani ya basi, basi halipinduki.

Mwana wa Itungi

Kwa hiyo tutapimwa sisi, na waliosimama kupiga picha wataachwa. Nilijua mjadala huu utaishia hapo. Na hicho kipima pumzi atakishika nani ufukweni saa kumi na moja alfajiri, wakati kila dakika usipa unapoteza bei? Nitapuliza, nitaambiwa kifaa kinasoma vibaya, nitaombwa ndoo moja ya samaki ili kisome vizuri.

Mzee Kasia wa Lupingu

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi ninatoka upande wa Ludewa, ambako safari ya kwenda hospitali au sokoni ilikuwa ni ziwani au hakuna safari. Katika umri wangu nimeona vyombo vikizama, na sikumbuki kuwa pombe ndiyo iliyovizamisha vingi. Vilizamishwa na shehena. MV Nyerere pale Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa kivuko cha abiria 101 na kilibeba zaidi ya mara mbili yake. Tukazika watu 228. Mnatafuta mashine ya kupima pumzi wakati hatujaanza kuhesabu vichwa, kazi ambayo inahitaji vidole tu. Mtoa hoja, hebu nikuulize: katika boti yenu ya watu kumi na mmoja, ukijumlisha kreti na kijana wa usukani, jaketi okozi zilikuwa ngapi?

Kamwene wa Mafinga

Mzee, kwa heshima zote, MV Nyerere ilikuwa Ziwa Victoria. Pale Mtera hatuna vivuko vya namna hiyo. Sisi tatizo letu ni viboko, na kiboko hajali kama umekunywa.

Bibi wa Ngonga

Kiboko hajali, lakini wewe ukiwa umekunywa ulanzi wa juzi hutamwona mpaka mpeane mkono. Mzee Kasia amesema kweli. Tena niongeze: wageni wakija Ngonga siku za sikukuu wanakataa jaketi kwa sababu linaharibu picha, na linanuka samaki. Ni kweli linanuka. Mwanangu wa kiume analo moja kwa ajili ya watu sita, na hulivaa mteja anayelalamika kuliko wote.

Mkazi wa Uyole

Mzee Kasia, shikamoo. Jaketi zilikuwa mbili, na zote tuliwapa watoto, moja ikiwa imepasuka kiasi kwamba sifongo ilikuwa ikionekana. Sikulitaja hilo mwanzoni kwa kuwa niliona suala ni pombe.

Ndugu wa Itungi, neno langu la kupasha koo lilikuwa la jumla mno na ninalifuta. Waliosimama ni wapwa zangu, umepata. Kuhusu kichupa cha kijana wa usukani, nilichokisema ni kile nilichokiona, ila nimemuuliza mke wangu jana usiku na amenikumbusha jambo ambalo sikulipenda. Kabla hatujaondoka Matema, mpwa wangu mkubwa aliomba fedha ili amnunulie nahodha "kifuta jasho" atuendeshe vizuri. Nilitoa mimi.

Msomi wa Sheria

Hapo kisheria pana mambo ya kuvutia sana.

Mwana wa Itungi

Achana na sheria kwanza, msomi. Mheshimiwa wa Uyole, ulitoa shilingi ngapi?

Mkazi wa Uyole

Noti ya elfu tano. Chenji sikuiona.