Mtoto wa miezi 4 ana uvimbe mweusi ufizi wa juu, naombeni msaada

Mama wa Singida: Habari zenu jamani. Mwanangu alianza na kauvimbe kadogo ufizi wa juu mbele, karangi kama bluu inayoelekea nyeusi. Zahanati walisema jipu wakampa antibayotiki, haikusaidia kitu, sasa ndani ya wiki chache kamekua hadi kananyanyua mdomo na pua, kunyonya shida, ila homa hana na ukigusa halii. Mama mkwe anasema ni meno ya plastiki twende kwa mzee akayatoe, wengine wanasema kansa. Nimechanganyikiwa.

Dokta wa kinywa: Pole sana dada. Kwa mzee USIENDE, nakuomba. Yanayoitwa meno ya plastiki ni vijino vya kawaida ambavyo havijaota, wanavichokonoa na kitu kichafu mtoto anavuja damu, anapata tetenasi, wengine wamekufa. Sijamwona mtoto lakini umri huo, taya la juu mbele, weusi na kukua haraka, vinanifanya nifikirie uvimbe adimu wa watoto wachanga unaoitwa melanotiki nyuroektodemo tyuma, weusi wake unatokana na melanini, ileile inayotupa rangi ya ngozi. Unatisha kwa spidi yake ila mara nyingi sio kansa. Pia kuna kauvimbe ka maji kanakotokea jino likitaka kuota, nako kana ubluu, ila hako ni kalaini na hakasukumi pua hivyo. Hiyo kansa wanayosema wengine, ya taya inayoitwa Bakiti, huwapata zaidi watoto wakubwa kidogo, miaka 4 hadi 7 hivi, ila bila kipimo hakuna wa kuapa. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, Muhimbili wapo. Atapigwa siti skani kuona mfupa umeliwa kiasi gani, kisha wanakata kinyama kidogo kwenda maabara. Tiba yenyewe ni upasuaji, wanatoa uvimbe na mfupa kidogo wa pembeni. Unaweza kurudi, na ukirudi mara nyingi ni ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo kliniki usikose hata moja.

Mama Zai: Mdogo wangu mwanae alikuwa nao huohuo, akafanyiwa. Vijino vya upande ule vilitoka na uvimbe, pengo lipo lakini ugali anapiga vizuri tu. Asiponyonya mkamulie umnyweshe kwa kijiko, uzito usishuke kabla ya kupasuliwa, na hela ikikwama nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali usione aibu.

Mama wa Singida: Asanteni mno, barua ya rufaa nimepata leo, baba yake amemwambia mama yake hatuendi kwa mzee. Dokta, kwenye nusu kaputi nimnyonyeshe mpaka saa ngapi?

Dokta wa kinywa: Maziwa ya mama husimamishwa masaa 4 kabla, ila wa usingizi atakupa muda kamili, fuata huo. Ukiona damu inatoka au anapumua kwa shida, usisubiri tarehe ya rufaa, mpeleke emajensi.