Naomba ushauri: nguo za ofisini kwa mwanamume mfupi

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mwanamume transjenda, yaani nilipozaliwa nilihesabiwa msichana; niko Nairobi, urefu wangu futi 5 na inchi 2. Mwezi ujao naanza kazi ya uhasibu na nataka kuingia nimevaa nadhifu tangu siku ya kwanza.

Shida kubwa ni mabega. Suruali inakatwa ikapindwa, mikono ya koti nayo inapunguzwa, lakini bega likining'inia mafundi wengi hawataki hata kuligusa. Suruali ikinitosha nyongani, kiunoni inapwaya. Katika soko la mitumba la Gikomba nilipata mashati mawili ya wavulana yananikaa vyema begani, ila kola inabana, tai haikai. Viatu navaa namba 38, na vya ngozi vya kiume naonyeshwa kuanzia 40.

Nina shilingi 15,000. Nishonewe suti moja ya kijivu, au ninunue suruali mbili na sweta isiyo na mikono ya kuvaa juu ya shati? Na kuna anayemjua fundi mwenye subira, atakayenipima kifua bila kunihoji? Hilo la kupimwa ndilo linaloninyima usingizi.