MREJESHO: Babu aliyefia kifungoni mwisho wa Vita ya Kwanza

Wakuu, niliuliza hapa jinsi ya kufuatilia kifo cha babu wa baba yangu, askari wa Wajerumani. Nyumbani tulijua alifia Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, ambako kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha 25 Novemba 1918.

Aliyeniambia nifuatilie Tabora, Mungu akubariki sana. Askari waliosalimu amri walipelekwa kambini huko, na yale mafua makali yaliyozunguka dunia yakawaua wengi. Nilipomtajia shangazi jina la Tabora, alilia. Bibi yake alikuwa akisema mumewe alichukuliwa na "homa ya kambi", nasi tulidhani ni maneno ya uzee.

Kaburi lenye jina hatukulipata. Mwezi ujao tunakwenda Tabora kumsomea hitima.