Mtoto wa miaka 4 anajua kugawana ni vizuri, mbona hagawi?

Mama Zuhura, Mikindani
Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 4 ukimwuliza kama inafaa kumgawia mwenzake, anajibu bila kusita kwamba inafaa. Juzi bibi yake alimpa sahani ya ming'oko ale na mdogo wake wa miaka 2. Akamtengea miwili, iliyobaki akaivutia kwake. Bibi anasema huo ni uchoyo wa kuzaliwa, na achapwe mapema. Naomba kuelimishwa.

Mwalimu wa Awali, Masasi
Mfikishie bibi shikamoo, lakini fimbo iwekwe kando. Mwaka 2008 Ernst Fehr na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa watoto wa Uswisi: wengi wa miaka 3 na 4 walichagua kinachowanufaisha wenyewe, na wengi wa miaka 7 na 8 wakachagua mgawo sawa. Kujua kanuni ni jambo moja. Kuitimiza kunahitaji mtoto aizuie tamaa yake, atambue kwamba mwenzake naye anatamani, na tena ajue kuhesabu, jambo ambalo wazazi wengi hatulifikirii. Nadia Chernyak na wenzake waliona kwamba watoto wadogo wanaoelewa kuwa namba ya mwisho kutajwa ndiyo jumla ya vitu hugawa kwa usawa zaidi. Mwambie agawe mmoja wako, mmoja wangu, kwa sauti, mpaka sahani iishe.

Baba Salumu, Nachingwea
Mwalimu, nakubaliana nawe, ila kuhesabu nisingekutanguliza. Mwaka 2011 Katharina Hamann na wenzake waliwapa watoto wawili wawili kazi ya kuvuta kamba pamoja ili wapate gololi. Mmoja akipata 3 na mwenzake 1, wa miaka 3 mara nyingi walitoa moja ili wawe sawa, kuliko pale gololi zilipopatikana bila kushirikiana. Mama Zuhura, waambie waoshe hiyo ming'oko pamoja kabla haijapikwa.

Mama Zuhura, Mikindani
Nashukuru sana, nitajaribu yote mawili. Je, huyu mdogo, ambaye hulia tu?

Mwalimu wa Awali, Masasi
Msaidie kutamka anachotaka. Celia Brownell na wenzake, mwaka 2009, waliona kwamba watoto wa miezi 25 humgawia mtu mzima anapoeleza wazi haja yake, ilhali wa miezi 18 hawafanyi hivyo. Kilio peke yake hakimwambii kaka yake kwamba ming'oko miwili haijamtosha.