Tupeane uzoefu: uliwezaje kujiandaa kupanda cheo ukiwa bado kazini?

Mwanzisha mada: Jana imetangazwa nafasi ya mhasibu mwandamizi ofisini kwetu, na kati yetu sote ni mmoja tu mwenye CPA, yaani cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu. Naombeni mliofanya mitihani ya bodi huku mkifunga hesabu za kila mwezi mtueleze mlivyoweza.

Mhasibu, Mwanza: Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, huwa Mei na Novemba, kwa hiyo niliomba likizo ya mwaka iangukie Novemba, na miezi mingine nikawa nasoma alfajiri. Usimwambie mkuu wako mpaka matokeo yatoke.

Mwalimu, Kilosa: Ndugu yangu, kwa mtumishi wa umma ushauri huo ni wa hatari. Niliajiriwa na cheti, ngazi ya mshahara TGTS B ya walimu wa cheti, nikajiunga na Chuo Kikuu Huria ili nisiache darasa. Barua ya kuomba ruhusa niliipitisha kwa mwalimu mkuu, nikaipeleka halmashauri mwenyewe, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa masjala. Nilipohitimu na kuomba kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishiwa ngazi ya walimu wenye shahada, afisa alifungua jalada langu mbele yangu, akapekua karatasi moja moja, kisha akasema sikuwahi kuomba ruhusa na shahada yangu haitambuliki. Miguu iliniisha nguvu, kwa sababu ada niliilipa kwa mkopo ambao ulikuwa bado unakatwa kwenye mshahara. Kilichoniokoa ni ile nakala yenye muhuri na tarehe. Ilibidi watafute upya, wakaikuta barua kwenye jalada la mtumishi mwingine ambaye jina letu la ukoo ni moja.

Muuguzi, Tanga: Pole sana, mwalimu. Nakala yenye muhuri ni ya kutunzwa nyumbani.

Mhasibu, Mwanza: Mimi niko sekta binafsi. Mkuu wangu alipoona kitabu cha mitihani mezani alianza kunipangia kazi za jioni, kwa hiyo msimamo wangu ni ule ule.

Afisa utumishi mstaafu: Mnabishania mambo mawili tofauti. Serikalini hakikisha jina lako limo katika mpango wa mafunzo wa mwajiri, na ukiambiwa ukaimu, dai barua, kwani bila barua huna ushahidi wowote.

Muuguzi, Tanga: Hata nyumbani waambieni mapema, la sivyo vikao vya harusi vitamaliza Jumapili zote.

Mwanzisha mada: Mwalimu, malimbikizo ya mshahara ulilipwa?

Mwalimu, Kilosa: Muundo ulibadilishwa, lakini malimbikizo bado nayafuatilia.