Kupiga kambi Tannehill, Alabama, na watoto pamoja na bibi yao: mnashaurije?

Baba Watatu wa Clarkston aliuliza:

Ndugu wanajamvi, salaam. Sisi ni Watanzania tunaoishi Clarkston, pembezoni mwa Atlanta, na mama yangu mzazi amekuja kutoka Muheza kutusalimia mpaka mwishoni mwa Novemba. Tunafikiria kumpeleka pamoja na watoto, ambao mkubwa wao ana miaka 12 na mdogo miaka 5, katika hifadhi ya kihistoria ya Tannehill, jimboni Alabama, kwenye magofu ya matanuru ya chuma ya karne ya 19, tukalale huko Ijumaa na Jumamosi. Mama ameridhia safari, ila bado anauliza ni jambo gani linalomtoa mtu kwenye nyumba yenye paa akalale hemani kwa hiari yake, na sijapata jibu la kumtosheleza.

Nina maswali mawili. Kwanza, je, mazingira ya kambi yanamfaa mtu mzima mwenye magoti yanayomsumbua? Pili, nimesoma kwamba matanuru yale yalijengwa kwa mikono ya watumwa. Nisingependa watoto wacheze pale siku mbili bila kulielewa jambo hilo, na pia nisingependa safari igeuke kuwa hotuba. Waliowahi kwenda na familia walifanyaje?

Jirani wa Birmingham alijibu:

Kaka, karibuni sana Alabama. Hifadhi iko McCalla, kusini-magharibi mwa Birmingham, na kutoka kwenu barabara kuu ya kwanza ni namba 20, ambayo mkifika Birmingham inaungana na namba 59 na kuendelea kuelekea Tuscaloosa. Kumbukeni kwamba saa za Alabama ziko nyuma ya saa za Georgia kwa saa moja, kwa hiyo mkiondoka mchana baada ya watoto kutoka shule mtafika bado kuna mwanga wa kufungia hema, jambo ambalo si dogo mwezi wa Oktoba.

Kuhusu mama, ushauri wangu ni kwamba asilale hemani. Hifadhi ina vibanda vya magogo vya kale vinavyokodishwa, na ina viwanja vya kambi vyenye maji na umeme vinavyotumiwa zaidi na wenye magari ya kulala, mbali na sehemu za mahema tu zisizo na huduma hizo. Familia yetu hukodi kibanda kwa ajili ya wazee na kufunga hema kwa ajili ya vijana, na mchana wote hukutana penye moto. Piga simu ofisini mapema ueleze habari ya magoti, kwa maana wao ndio wanaojua kibanda kipi kina ngazi na kipi hakina.

Wiki ya kwenda ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia Machi hadi Novemba, mwisho wa wiki ya tatu ya kila mwezi kuna gulio kubwa ndani ya hifadhi, ambapo wachuuzi hupanga vitu vya kale, vyombo, nguo na vyakula, na viwanja vya kambi hujaa mapema. Wapo wanaolipenda gulio hilo, na mama anaweza kulifurahia kuliko matanuru yenyewe, lakini kama mnataka utulivu chagueni wiki nyingine. Msibebe kuni kutoka Georgia, kwa sababu wadudu waharibifu wa miti husafiri ndani yake. Nunueni huko huko. Jioni wakagueni watoto nyuma ya masikio na kwapani, kwa kuwa kupe wa misitu ile hawachelewi kupanda.

Mwalimu wa Historia alijibu:

Nami naomba nijibu swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito.

Uchomaji wa chuma mahali pale ulianza mwaka 1830, Daniel Hillman alipojenga karakana ndogo kando ya kijito cha Roupes, na jina la Tannehill limetokana na Ninian Tannehill aliyeichukua baadaye. Matanuru makubwa ya mawe mnayoyaona leo ni ya baadaye: la kwanza lilijengwa na Moses Stroup mwaka 1859, na mawili yaliyoshikana yakafuata wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Tunasema "lilijengwa na Stroup", lakini waliochonga yale mawe ya mchanga mlimani, wakayaburuta hadi kijitoni na kuyapanga walikuwa watumwa. Ndio pia waliokata misitu, wakachoma mkaa na kuchimba madini. Katika kilele chake mtambo ulitoa hadi tani 22 za chuma kwa siku, na chuma hicho kilikwenda kutengeneza silaha za majimbo ya Kusini yaliyojitenga, yaani yale yaliyopigana ili utumwa uendelee. Tarehe 31 Machi 1865 askari wa farasi wa jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Marekani iliyopigana na Kusini, waliokuwa chini ya Jenerali James H. Wilson katika msafara wake wa kuelekea mji wa Selma, waliuteketeza.

Sasa, kwa watoto usianze na tarehe hizo. Wapeleke chini ya tanuru, wasimame kwenye ule upinde wa mawe ambamo chuma kilichoyeyuka kilitolewa, kisha uwaulize wanadhani jiwe moja la pembeni lina uzito gani, na lilifikaje hapo bila winchi ya mota. Mtoto wa miaka 12 atalipapasa, ataona alama za patasi ambazo bado zinahisika kwa kidole, na ataanza mwenyewe kuuliza ni nani aliyechonga. Hapo ndipo unapomjibu, kwa sentensi chache na bila kupamba. Ipo pia njia ya miguu inayopita palipokuwa makazi ya watumwa. Ipitieni asubuhi, kabla ya michezo, mkiwa bado na nguvu za kusikiliza.

Waonyeshe vilevile kwamba tanuru limeegemea kilima. Halikuwekwa hapo kwa bahati. Mkaa, madini na mawe ya chokaa vilipitishwa darajani kutoka juu ya kilima na kumiminwa mdomoni mwa tanuru, upepo ukasukumwa kwa nguvu kutoka chini, na chokaa kikashikana na uchafu wa madini kuwa mavi ya chuma yaliyoelea juu ya chuma chenyewe. Vipande vya mavi hayo, vyenye rangi ya kijani au samawati na vinavyong'aa kama chupa, huonekana ardhini. Vitazameni, mviache hapo hapo.

Baba Watatu wa Clarkston:

Nawashukuru nyote, na suala la kibanda limekwisha kuamuliwa. Kuna ndugu amenishauri nje ya hapa kwamba badala ya Tannehill niwapeleke Sloss, mjini Birmingham, kwa kuwa ni kubwa zaidi. Mwasemaje?

Jirani wa Birmingham:

Sloss hakulaliwi. Ni kiwanda hasa, chenye mabomba na matangi ya chuma yenye kutu, kilichowashwa mara ya kwanza mwaka 1882 na kuzimwa 1971, na sasa ni makumbusho ambayo inafaa kuipitia kwa muda wa saa mbili mnaporudi Jumapili, kama mtaikuta wazi. Mkiwa na nafasi, wapelekeni watoto pia kwenye kilima cha Red Mountain, hapo hapo Birmingham, waione sanamu ya Vulcan, mungu wa moto na uhunzi wa Warumi wa kale, ya chuma cha kusubu, yenye urefu wa takriban mita 17, iliyotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya St. Louis ya mwaka 1904. Mdogo wenu ataikumbuka hiyo kuliko yote tunayoyaandika hapa.

Mjukuu wa Kagera alijibu:

Naomba niongeze jambo kwa ajili ya bibi, kwa sababu naona kila mmoja anamfikiria kama mgeni wa kutunzwa magoti tu. Ukoo wangu unatoka karibu na Katuruka, mkoani Kagera, ambako kumechimbuliwa mabaki ya uchomaji wa chuma ya takriban miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tanuru la udongo kwa kumbukumbu zao na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakaandika kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuru ilipasha moto hewa ya mivukuto kabla haijafika kwenye mkaa. Wapo wataalamu waliolipinga dai hilo, lakini kwamba chuma kilitoka, hilo halina ubishi.

Kwa hiyo Ijumaa usiku penye moto, kabla hamjaona jiwe lolote, mwache mama awasimulie wajukuu habari za wahunzi na wachoma mkaa wa kwao, kama anazo, na wewe utie neno la Katuruka. Kesho yake watakapolitazama lile tanuru hawatawaona Waafrika waliolijenga kama watu walioanza kujua chuma siku waliposhushwa melini. Na huko makumbusho ya chuma yaliyomo ndani ya hifadhi, muulizeni mhudumu kama kuna maonyesho ya uhunzi siku hiyo, maana wakati mwingine mafundi hufua vyuma mbele ya wageni.

Baba Watatu wa Clarkston:

Ndugu, nimemsomea mama jibu lako. Amesema babu yake upande wa mama alikuwa na mivukuto, jambo ambalo mimi mwanawe sikuwahi kulisikia. Tumepanga wiki ya pili ya Oktoba, kibanda kimoja na hema moja, na Sloss Jumapili. Mama ameongeza sharti kwamba tubebe unga na sufuria nzito, kwa kuwa hatakula mikate siku mbili. Kama kuna anayejua iwapo vibanda vile vina jiko au nibebe la gesi, naomba aniambie kabla sijalipia.

Jirani wa Birmingham:

Vibanda vinatofautiana, kwa hiyo ulizia hicho hicho unachokodi, na la gesi libebe hata kama utaambiwa kipo. Ugali wa watu sita hautaki jiko la kubahatisha.