Likizo ya mwezi wa sita: watoto wenu wanasoma au wanalala tu? Tupeane uzoefu

Mama Wawili
Wakuu, habari za jioni. Leo nimemuuliza mwanangu wa darasa la nne, "saba mara nane ni ngapi?", akaangalia juu kama jibu limeandikwa kwenye feni. Mwezi wa tano alikuwa anaiimba! Wiki mbili za katuni zimefuta kila kitu, na mwaka huu ana upimaji wa taifa. Nyie mnafanyaje? Mimi natoka Tabata saa 11 alfajiri, narudi usiku, na dada wa kazi naye kusoma kunampiga chenga.

Kitunda kwa Juu
Tuisheni. Buku kwa siku, mchezo kwisha.

Binti wa Feri
Waacheni watoto wapumzike jamani. Sisi likizo tulikuwa tunapelekwa Kilosa kwa bibi kuchunga mbuzi, na tumesoma.

Kitunda kwa Juu
Umesoma mpaka wapi, tukuone.

Binti wa Feri
Mpaka pa kujua kwamba buku yako inaliwa huku mwanao anafagia uwanja wa mwalimu.

Mama Mkubwa
Mmenikumbusha ya mwaka juzi. Wangu alikuwa la sita, nikampa elfu 30 mkononi apeleke tuisheni, mwezi mzima. Kila asubuhi begi mgongoni. Jioni namuuliza mmesoma nini, ananijibu "sehemu". Wiki ya tatu, bado sehemu tu.

Siku hiyo natoka Kariakoo, daladala ya Mbagala imekwama foleni pale kwa Azizi Ali. Jua la saa nane, nimebanwa dirishani, simu sikioni. Wauza maji wanapita. Nikatoa elfu 2 bila hata kuangalia. Chupa ikaingia, chenji ikafuata, noti ya elfu na sarafu ya mia tano. Ndipo nikauona mkono. Kwenye kidole gumba kuna kovu la pasi. Lile kovu nalijua, nililipaka dawa ya meno mwenyewe.

Nikachungulia, naye akainua uso. Badala ya kukimbia, akasema, "Shikamoo mama."

Gari likaondoka! Nikapiga bodi, shusha konda, shusha! Nikashushwa kituo cha mbele, nikarudi mbio kandambili mkononi. Mtoto hayupo, ndoo ipo.

Kumbe ile elfu 30 ndiyo mtaji. Usiku akatoa daftari la tuisheni. Hamna hesabu hata moja ya mwalimu. Kuna katoni, barafu, chupa zilizouzwa, chupa aliyokunywa mwenyewe (kaandika "hasara"), na mia mbili ya rafiki anayemlindia begi. Nilijumlisha mstari kwa mstari nikitafuta kosa. Sikulipata.

Msafiri wa Kimara
"Hasara" 😂😂 nimecheka ndani ya mwendokasi, watu wananiangalia.

Kitunda kwa Juu
Mnachekelea nini? Angegongwa je? Huyo alistahili fimbo.

Mama Mkubwa
Alizipata mkuu, usiwe na wasiwasi. Za barabarani lakini, si za hesabu.

Msafiri wa Kimara
Na faida ilikuwa shilingi ngapi? Usitufiche.

Babu Kijitonyama
Turudi kwenye mada. Mimi wajukuu nawapeleka Maktaba Kuu pale Bibi Titi, wana chumba chao. Jumamosi moja tukaenda Makumbusho ya Taifa kumwona Zinjanthropus, lile fuvu la zamadamu lililopatikana Olduvai, 1959. Mdogo akaganda hapo: taya la chini liko wapi? Nikamwambia halikupatikana. Tangu siku hiyo anachimba nyuma ya choo changu kulitafuta. Halafu mama, huyo dada usimdharau. Wape yeye na mtoto kitabu kimoja cha hadithi, wasomeane ukurasa kwa ukurasa. Kwangu walipanda wote wawili.

Binti wa Feri
Ficha rimoti, hayo mengine yatakuja yenyewe.

Mama Wawili
Rimoti niliificha, anawashia kibonyezo cha nyuma ya tivii. La dada na kitabu naanza kesho, asante babu. Mama Mkubwa, kijana wako sasa yuko la ngapi? Hawezi kunifundishia huyu saba mara nane?

Mama Mkubwa
Yuko kidato cha kwanza. Bei yake elfu 30 kwa mwezi, na hela unanipa mimi mkononi.